Bando Halikuwa Limeisha

Zuhura mwanangu,

Tumelala chini ya paa moja tangu uzaliwe, kwa hiyo sitakuuliza hali, wala sitakuambia kwamba mimi huku ni mzima. Unaijua hali yangu kuliko daktari. Sasa hivi ni alasiri. Asubuhi ulikwenda Magogoni kupanda pantoni, uvuke Kigamboni ukamuage mama yako mdogo, ukasema utarudi kabla ya magharibi. Ulipotoka tu nilimwomba Mama Rehema, jirani yetu wa mlango wa pili, anipe karatasi za daftari la mwanawe. Akaniuliza, "Unaandika wosia, Baba Zuhura?" Nikamwambia naandika barua. Akacheka, akasema mtoto mwenyewe yuko hapo ng'ambo ya maji, barua ya nini. Nikazipokea karatasi.

Mambo ya safari sitayagusa. Shangazi yako Somoe ameshakueleza basi litasimama wapi, ule nini na usile nini, na huko Mwanza ukaeje na wenye nyumba. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la siku ile ya usaili wa Arusha. Limekaa kifuani mwangu mwaka mzima na miezi juu yake. Nikilitaja hivi hivi bila kukueleza lilikotoka, utadhani ni shetani aliyenipitia dakika moja. Hakunipitia mtu. Nilikwenda mwenyewe, hatua kwa hatua, hadi nikafika pale. Kwa hiyo nivumilie, usiruke kurasa.

Unaikumbuka fremu yangu ya duka kule Kariakoo, ile nyembamba ambayo watu wawili wakiingia wa tatu anasubiri nje. Nilikuja mjini kutoka Masasi na begi moja, nikauza soksi mkononi, nikauza saa, na simu zilipoingia nikaingia nazo. Nikawa muuza kava, chaji na vioo vya kubandika. Lakini nilichokipenda zaidi hakikuwa cha kuuza. Watu walikuwa wanakuja na kompyuta kwapani wakiniuliza, "Mzee, hivi naweza kuchukua intaneti ya simu nikaitia humu?" Nami nilikuwa nawaonyesha bure. Washa data. Ingia kwenye mipangilio. Washa hotspot. Weka neno la siri. Haya, sasa itafute kwenye kompyuta yako. Ikikubali, mtu anatabasamu kama amefunguliwa bomba la maji nyumbani kwake.

Binti mmoja alikuja siku moja anatetemeka, ana kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita na mtandao wa chuoni umelala. Nilimwashia kwa simu yangu mwenyewe, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa pale mlangoni, akatuma. Akasema, "Mungu akuweke, baba." Jioni nilirudi nyumbani nikakusimulia, wewe ukiwa kidato cha tatu, nikakuonyesha inavyofanyika. Ukaniuliza, "Kwa hiyo simu moja inaweza kuwapa wengine wote?" Nikakujibu, "Ndiyo, mradi wasikae mbali." Tulicheka wote, na mama yako alikuwa bado yupo.

Halafu nikaanguka. Kigoda, boksi la chaji lililokuwa rafu ya juu, na sakafu ya saruji. Nyonga ikavunjika. Unakumbuka jinsi nilivyorudishwa kutoka hospitali: wabeba mizigo wanne wa mtaa wetu wa Mchafukoge, ubavuni mwa Kariakoo, walinipandisha kwenye kiti cha plastiki, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya nne, wakipumzika kila kona ya ngazi, na mimi nimeshika mikono ya kiti kama sultani mwenye aibu. Lifti ya jengo hili ilikufa zamani. Mlinzi anaweka humo mafagio na ndoo. Siku ile nilipofikishwa mlangoni nilijua kwamba nimeingizwa mahali ambapo sitatoka kwa miguu yangu.

Na sikutoka. Nimeshuka mara tatu tangu siku hiyo, zote za kwenda kliniki, zote mgongoni mwa watu.

Mwanangu, kukaa juu ya Kariakoo bila kuweza kushuka ni adhabu ya pekee. Ningekuwa shambani ningesikia ndege. Hapa nasikia biashara. Nasikia spika zinazorudia bei ileile kutwa, nasikia wenye mikokoteni wakiomba njia, nasikia watu niliowajua kwa majina wakicheka hapo chini, na hakuna hata mmoja anayeinua uso. Miezi ya mwanzo walipanda kunisalimia. Ngazi zikawachosha, na siwalaumu. Fremu ikachukuliwa na mtu mwingine. Nikabaki na kiti, dirisha, na wewe.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama yako, na nikamwelewa akiwa ameshazikwa. Sijawahi kukueleza hili. Ulipokuwa na miaka minne, mama yako alitaka kwenda kukaanga samaki kwenye soko la Feri na rafiki yake. Alishapata mahali, alishapata karai. Nikamwambia, "Mtoto abaki na nani?" Akasema utabaki kwa Mama Rehema. Nikasema mke wangu hatanuka moshi wa samaki wakati mimi nina fremu. Hakubishana. Alikaa humu ndani hadi alipougua. Siku moja nilirudi nikamuuliza kwa utani, "Hivi kutwa nzima huwa unafanya nini?" Akanijibu, "Nahesabu watu wenye miavuli." Nilicheka sana, nikaenda kuwasimulia wenzangu kijiweni. Mwaka wa kwanza wa kiti hiki nilijikuta asubuhi moja nimefika mwavuli wa ishirini na tisa. Nikaacha kuhesabu. Nililia, na ulipouliza nikakuambia ni maumivu ya nyonga.

Ungedhani mtu aliyejifunza hilo asingemfungia mwingine. Mimi nilijifunza na nikafunga.

Wewe ulikuwa umetoka chuo na stashahada yako ya majengo, na ile kompyuta ya mtumba uliyoipata hapo chini kwa kuzungushana na muuzaji siku tatu. Ukaanza kuwachorea watu ramani za nyumba. Simu yako ilikuwa ile yenye kioo kilichopasuka. Ukiiwasha hotspot inapata moto, inajizima. Simu nzima ilikuwa yangu, ile nzuri niliyojichagulia nikiwa na fremu. Na kuta za jengo hili ni nene. Mtandao unashika vizuri dirishani tu. Kwa hiyo simu ikakaa dirishani, na mwenye kiti cha dirishani ni mimi. Wewe ukaweka meza hatua tano kutoka kwangu, kwa sababu ukienda chumbani mtandao unakatika, na ukienda jikoni unachechemea kama mimi.

Mwanzoni ilikuwa neema. Unachora, mimi nakutazama. Nikiomba maji, upo. Nikitaka kugeuzwa, upo. Tunaongea. Nilisahau kwamba hukukaa pale kwa ajili yangu, ulikaa kwa ajili ya mtandao. Au labda sikusahau. Labda nilijua vizuri sana, kwa kuwa siku zile ulizosema unakwenda kufanyia kazi kwa rafiki yako Magomeni, nilikuwa naumwa. Nikiangalia nyuma sipati hata siku moja uliyotaka kutoka ambayo sikuumwa.

Nikaanza vijitabia. Nilijua kwamba kwa simu yetu na laini yetu, mtu akipiga simu ya kawaida data inasimama. Basi nikikuona umezama kwenye kazi, hujanisemesha saa nzima, nilikuwa nampigia shangazi yako kumsalimia. Unainua kichwa: "Baba, unaongea na simu?" Nami najibu, "Kidogo tu, mama." Somoe mwenyewe alishangaa, akaniuliza kuna nini siku hizi napiga mara tatu kutwa.

Halafu kuna ile habari ya waya. Uliniambia, "Baba, tukiunganisha simu na kompyuta kwa waya haitakatika, na simu itakuwa inachajiwa hapohapo. Nitatafuta waya mrefu ufike dirishani, au niihamishie meza yangu pale." Nikakukatalia. Nikasema waya unaua betri, nimeuza simu miaka mingi, najua. Ulikubali, kwa sababu baba yako ndiye mjuzi wa mambo hayo. Ulikuwa uongo, Zuhura. Waya ulikuwa bora, na niliwashauri wateja wangu wengi hivyohivyo. Lakini waya ungeitoa simu mkononi mwangu.

Sasa tumefika Arusha.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Ulivaa blauzi nyeupe juu na kanga chini, ukasema kompyuta haioni miguu. Uliniomba mambo mawili: nisikuite na nisipige simu kwa mtu. Nikakuahidi. Walikuwa watu wawili upande wa pili. Mwanamume alikuuliza mambo ya michoro, na wewe ukajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia humu ndani. Ulieleza jinsi ulivyomshawishi mteja wa Mbagala ageuze mlango wa jikoni ili moshi usiingie chumba cha wagonjwa. Nilifurahi. Nataka ujue kwamba dakika zile za mwanzo nilifurahi kweli, nilitamani niwaambie huyo ni wangu.

Kisha akaongea yule mama mwenye sauti ya upole. "Tukikuchukua, Zuhura, utahitaji muda gani kujiandaa?"

Ukasema, "Hata kesho naweza kuja."

Akacheka. "Huna mtu anayekutegemea huko Dar?"

Ulisita. Ukasema, "Ninaye baba, haendi popote. Lakini nitapanga."

Nitapanga. Mwanangu, ulisema neno sahihi, neno ambalo mtu yeyote mwenye akili angelisema. Mimi nililisikia vingine. Nilijiona kama kabati kubwa ambalo wenye nyumba wanahama na hawajui walipeleke wapi. Nikaona kiti hiki, nikaona dirisha hili, na mlango unafungwa, na ngazi, na mimi nikisubiri Mama Rehema akumbuke kuniletea chai. Nilishikwa na hofu.

Ningependa kukuandikia kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Nilifungua mipangilio, nikaitafuta hotspot, nikaizima. Hatua zilezile nilizokuwa nawafundisha watu mlangoni kwangu.

Ukasema, "Haloo? Mnanisikia? Haloo?" Picha ya yule mama iliganda mdomo ukiwa wazi. Ukageuka. "Baba, mtandao."

Nikasema, "Labda bando limeisha."

"Niliweka jana."

"Haya mabando siku hizi yanakwenda kama maji."

Hukutaka hata kuishika simu uangalie. Uliamini. Ulivaa ndara ukashuka mbio na ile kanga yako, nikakusikia kwenye ngazi hadi chini, kisha nikakuona kupitia dirishani ukivuka barabara kwenda kwenye kibanda cha vocha. Ulijigonga kwenye mkokoteni, ukashika goti, ukaendelea. Mimi nilikuwa nakuona yote hayo kutoka juu. Simu ilikuwa mkononi mwangu na bando lilikuwa limejaa. Nilikuwa na nafasi ya kuwasha tena, kukuita kupitia dirishani, kusema limerudi. Sikufanya hivyo. Niliwasha niliposikia umefika ghorofa ya tatu, ukihema.

Uliingia, ukanipa vocha nikaikwangua, nikaingiza namba, wewe umesimama umeshika kiuno, damu inatoka gotini. Kompyuta ilipokubali, wale watu walishaondoka. Uliwaandikia kuomba radhi. Uliwaandikia tena. Siku ya tatu wakajibu kwa adabu kwamba nafasi imepata mtu.

Na wewe ukanifanyia jambo ambalo limenichoma kuliko tusi lolote. Ulipiga magoti mbele ya kiti, ukaniwekea mkono kwenye paja, ukasema, "Pole baba, na wewe umehangaika bure. Si kosa lako."

Nikasema, "Ni mipango ya Mungu, mama."

Nilimsingizia Mungu, mwanangu. Hilo nimelitubia kwake peke yake. La kwako natubia hapa.

Baada ya hapo nilipata nilichokitaka. Ulikaa. Ulikaa kila siku, hatua tano kutoka kwangu, na hukuwa unaomba tena kwenda Magomeni. Nilidhani nitapumua. Lakini yule aliyekaa pale hakuwa wewe. Ulikuwa unafungua kompyuta na kuitazama tu. Ulianza kulala mchana. Ulinijibu "sawa baba" kwa kila kitu. Mama Rehema aliniashiria kwa macho siku moja ukiwa jikoni, akaninong'oneza, "Baba Zuhura, huyu mtoto anafifia." Nikamwambia ni joto. Usiku na mchana tukawa tunatazamana wewe na mimi kama watu wawili waliokwama kwenye lifti, na mimi pekee ndiye niliyejua nani ameizima.

Kisha akaja Somoe. Ulikuwa umekwenda dukani kununua unga. Alipanda zile ngazi na unene wake, akafika hapa hawezi hata kutoa salamu, akakaa chini sakafuni. Alipopata pumzi akasema, "Kaka, kile chumba changu cha uani mpangaji amehama. Nyumba yangu ya Magomeni haina hata ngazi moja. Utakaa barazani, utaona watu, watu watakuona. Nimekuambia hili tangu ulipovunjika. Unasubiri nini?"

Ndiyo, mwanangu. Tangu nilipovunjika. Hukujua, kwa sababu nilimkataza asikwambie. Magomeni ilikuwepo siku zote. Ningeweza kushuka mara moja tu, nikashushwa kwa kiti kilekile, na nisihitaji kushushwa tena. Mimi nilisema mwanamume wa kwetu haendi kuzeekea uani kwa dada yake.

Siku ile nikamjibu vilevile. "Mimi si mtu wa kuishi kwa dada."

Akanitazama. Unajua Somoe hana hasira. Akasema pole pole, "Lakini wa kuishi mgongoni kwa mtoto, hilo unaliweza."

Nikageuzia uso dirishani. Akakaa dakika chache, akaosha vyombo, akashuka. Hakurudi miezi mitatu. Ulidhani tumegombana kwa ajili ya shamba la Masasi kwa sababu ndivyo nilivyokuambia.

Mwanza ilikukuta hivyo. Sikujua chochote. Nilijua tu kwamba umenunua simu mpya kwa ujira wa ile ramani ya msikiti, na asubuhi moja ulichukua kompyuta ukasema unakwenda juu. Nikauliza juu wapi. Ukasema, "Darini kwenye matenki ya maji, baba. Mtandao wa kule ni mzuri." Ukafunga mlango. Nilikusikia unapanda, badala ya kushuka, na nilijua kule siwezi kufika, wala mkono wangu, wala simu yangu. Nilikaa hapa saa nzima natazama dari. Sikusikia neno hata moja. Nilijua ni usaili. Mtu hapigi pasi blauzi nyeupe kwa ajili ya matenki. Nikajikuta naomba dua. Naona haya kukuandikia jinsi dua ilivyoanza, lakini ilivyoisha nilikuwa namwomba Mungu mtandao usikatike.

Uliposhuka ulikuwa na jasho na vumbi la zege kwenye kanga. Siku kumi baadaye wakakujibu. Ukaja ukakaa kwenye kile kigoda, ukasema, "Baba, nimepata kazi Mwanza. Sijawaambia ndiyo. Nitawaambia siwezi." Ulisema bila kulia, kama mtu anayesoma bei. Miaka ishirini na minne, na ulikuwa umeshazoea kusema siwezi.

Sikukujibu. Ulidhani nimekasirika, ukaenda jikoni. Ndipo nilipompigia Somoe, na safari hiyo sikupiga ili kukukatia data. Nikamwambia, "Dada, chumba bado kipo?" Akasema, "Kipo. Nilikataa wapangaji wawili." Nikakuita, nikakuambia, "Waandikie ndiyo. Mimi nahamia Magomeni." Uliniangukia shingoni, na tangu siku hiyo umekuwa ukiwaambia watu wote, Mama Rehema, mama yako mdogo, rafiki zako, kwamba baba yako ana moyo mkubwa, baba yako amekuachia.

Hiyo ndiyo sababu moja ya barua hii. Sifa hizo zinanikaba. Lakini sababu kubwa niliisikia wiki iliyopita, ulipokuwa unaongea na rafiki yako jikoni ukikunja nguo. Ulimwambia, "Mimi ni wa mkosi, wewe. Arusha ilikuwa mkononi, dakika ya mwisho ikaniponyoka. Hata hii Mwanza naogopa, najua kitu kitatokea." Nilishika nondo za dirisha. Nilikuwa nimekunyang'anya kazi, na kumbe nilikunyang'anya na kujiamini, na ulikuwa unakwenda kuubeba mkosi ambao haupo, unausafirisha hadi ziwani.

Huna mkosi, Zuhura. Arusha walikuwa wanakutaka. Nilimsikia yule mama anavyocheka. Mtu hamchekei hivyo mtu ambaye hatamchukua. Ulijibu vizuri kila swali. Kilichotokea ni baba yako.

Sijui nikupe ushauri gani wenye haki baada ya hayo. Nina kidogo tu, ukitaka kitupe. Mtu anayeshikilia kitu unachokihitaji kila siku, hata akupende namna gani, mtazame mkono wake. Mimi nilikupenda, na mkono wangu ulifanya ulichofanya. Na utakapokuwa wewe ndiye mwenye kushikilia, kwa mume au kwa mtoto au kwa mfanyakazi mwenzio, na ukajikuta unafurahi kwamba hawezi kwenda mbali, hapo simama. Mimi furaha ile niliiita mapenzi kwa miaka miwili.

Jingine ni la hofu. Nilidhani naogopa kubaki peke yangu. Kumbe nilikuwa naogopa kushuka. Watu wangeniona nimebebwa, Kariakoo nzima ingejua kwamba yule mzee wa kava amekwisha. Nikaona afadhali tuoze wote wawili huku juu kuliko nionwe dakika kumi kwenye kiti cha plastiki. Kesho wabeba mizigo wanakuja kunishusha. Nitaonwa. Nimewaambia waje saa tatu, mtaa ukiwa umejaa, ili nimalizane nayo mara moja.

Usinisamehe haraka. Nakujua, utataka kunisamehe kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu ndivyo ulivyozoea kunihudumia. Safari hii usinihudumie. Kama una hasira, kaa nayo, nenda nayo Mwanza, usinipigie simu mwezi mzima ukitaka. Nitajua uko kazini. Na mama yako, pale alipo, bado ananidai deni la miavuli. Hilo siwezi kulilipa kupitia kwako.

Nilikusudia kuichomeka barua hii kwenye begi lako kubwa, katikati ya nguo, uisome ukiwa umeshafika Mwanza, mbali na uso wangu. Nimeona huo ungekuwa ujanja mwingine wa baba yako. Nitakupa mkononi leo, ukishaswali na ukishakula. Kama kuna swali, niulize hapahapa, lolote, nami nitajibu lilivyo. Nitakaa kwenye kiti hiki hadi umalize kusoma. Utasema baba hana pa kukimbilia. Ni kweli. Lakini hata miguu yangu yote miwili ingekuwa mizima, leo ningekaa.

Aliyekuzaa na akakukwamisha, naye anakuombea njia nyeupe,

Baba yako, Hamisi.